Hotuba ya Kuzindua Kituo cha Wahamiaji Waliorejea, Vitongoji, Pemba

(Mratibu anapanda jukwaani na karatasi zake. Kipaza sauti kinapiga ukelele. Watoto wa madrasa wanaziba masikio.)

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. (Waalaykumu salaam, kwa uchovu.) Hapana, hapana. Naomba niitikiwe na watu wanaozinduliwa kituo, si na watu walioanikwa juani tangu asubuhi. (Waalaykumu salaam! Sauti moja nyuma inakumbusha kwamba wameanikwa juani tangu asubuhi.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru lakini kiti chake kile kitupu tunakiheshimu vilevile. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Mratibu wa Kanda wa Mradi wa Tathmini ya Fremuweki ya Kitaifa ya Utawala wa Uhamaji na Uunganishwaji Upya wa Wahamiaji Waliorejea, ambaye pia ni mimi. Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, nafasi ambayo nimeikaimu. Sheha wetu mpendwa, Bwana Abrahman. Mashehe, maustadhi, na mwalimu wa madrasa aliyetuazima viti na sasa anavihesabu kwa macho. Wazee wangu, mama zangu, na hususan mama yangu mzazi, Bi Mwanawema, niliyemweka mstari wa mbele kwa sababu macho yake siku hizi hayafiki mbali. Dada yangu mkubwa, Nadhira, aliyekaa ubavuni pa mama, ambaye nitamtaja tena kwa kirefu. Wadau wote, stekiholda wote, na wale ambao si wadau wala si stekiholda lakini wamesikia kuna pilau: itifaki imezingatiwa.

(Makofi. Waliosikia kuna pilau wanapiga zaidi.)

Ndugu wananchi, nimesimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao nimeupatia mafunzo Unguja, Dar es Salaam na hata Nairobi, katika hoteli zenye mazulia ya kuzama mguu na chai ya saa nne yenye sambusa za kila aina, na ningependa kuanza kwa kujisifu kidogo, kwa sababu nikingojea mnisifu nyinyi Magharibi itatukuta hapa hapa. (Kicheko.) Mimi Hafidh bin Ame, niliyeanza skuli ya hapa nikikaa chini, niliyekuwa nikitumwa dukani nikarudi nimesahau nilichotumwa na pesa pia, leo hii nina ofisi Tibirinzi yenye meza, kiti kinachozunguka na feni isiyozunguka. Nina kitambulisho shingoni chenye picha yangu, ili hata siku nikijisahau nani mimi, nitazame chini nijikumbuke. Suti hii ni ya shemeji yangu. Naomba msiisogelee na mikono yenye mafuta, kwa sababu Ijumaa inatakiwa harusini. (Kicheko. Shemeji anasimama kule nyuma kuthibitisha.)

Sasa tuje kwenye kiini. Mradi wetu umekabidhiwa jukumu zito, pana na la kimkakati, la kufanya tathmini shirikishi ya fremuweki, yaani ule mfumo mzima wa sera, sheria, miongozo, kamati na kamati za kuzisimamia kamati, unaohusu namna taifa linavyoratibu uhamaji wa watu wake na kuwaunganisha upya na jamii pale wanaporejea. Kwa lugha nyepesi ni hivi: mtu katoka Pemba, kenda Uarabuni kufanya kazi, karudi. Je, tumejiandaa vipi kumpokea, akae, apate la kufanya, asilazimike kwenda tena? Hilo ndilo suali. Ni suali fupi sana, na ndiyo maana ilibidi tulirefushe. Tulipolipeleka wokshopu liliingia likiwa mstari mmoja, likatoka lina nguzo, lina viashiria, lina rodimapu, na lina mchoro wa mishale inayoanzia kwa mhamiaji, ikazunguka kwa wataalamu, kwa washirika, kwa kamati, ikarudi tena kwa mhamiaji, ambaye katika mchoro mzima hakusogea hata hatua moja. Ni mchoro mzuri. Una rangi.

(Mzee Mmanga, mwenye shamba la muhogo lililo nyuma ya jukwaa, anauliza jengo la kituo liko wapi.)

Mzee Mmanga, nakuheshimu kama mzazi wangu. Jengo lina ukurasa wake, na ukurasa wake haujafika. Sasa hivi tupo ukurasa wa data.

Ndugu zangu, data. Hakuna maendeleo bila ya data, na sisi data tunayo mpaka inatutisha wenyewe. Vijana wetu wa utafiti walipiga kambi bandarini Mkoani, wamevaa fulana zao, wakamhesabu kila anayeshuka kwenye boti, kwa sababu mhamiaji aliyerejea, kwa mujibu wa tafsiri iliyopitishwa na kamati yangu, ni mtu yeyote aliyeondoka Pemba na sasa amerudi akiwa na begi. Matokeo yaliwastaajabisha wataalamu. Kwa muda mrefu idadi ya warejea ilikuwa ya kawaida tu. Halafu, siku za mwisho za Ramadhani, ghafla, bila ya dalili yoyote, warejea wakapanda kwa asilimia mia tisa. Boti inashusha, inakuja nyengine inashusha, watu na maboksi, watoto na viatu vipya, mpaka vijana wakaishiwa na karatasi wakawa wanaandika viganjani. Niliketi usiku ule ule nikatoa taarifa ya dharura kwamba Pemba imekumbwa na wimbi la kurejea ambalo halijapata kutokea.

(Mwanamke mmoja anasema wale walikuja kula Sikukuu na watu wao.)

Naam, bibie, hilo tulikuja kulijua baadaye. Lakini subiri uone utamu wake. Sikukuu ilipokwisha tulirudi kuwatafuta warejea wetu wale ili tujue wamefikia wapi kimaisha, na hatukumkuta hata mmoja anayelalamika. Hatukumkuta hata mmoja, kwa ujumla. Nikaandika kwamba wote wameshaunganishwa upya na jamii kwa asilimia mia moja. Kiwango hicho sijasikia nchi iliyokifikia, na nilikisoma mwenyewe kwenye semina Nairobi, watu wakainuka kunipigia makofi, mgeni mmoja mwanamke akafuta machozi. Nami nikafuta, kwa kumsindikiza. (Kicheko kirefu.)

Tukaenda kisiwani Fundo. Tulikwenda kishujaa, ndani ya majaketi ya kuokolea maisha, tukawakusanya wavuvi na wake zao tukauliza: nani hapa amewahi kuondoka kwao kutafuta riziki, kisha akarudi? Mikono yote ikapanda juu. Bibi mmoja alipandisha miwili. Watu wale asubuhi huvuka kwenda Wete kuuza samaki, adhuhuri wako kwao wanakula, na sisi tuliwaandika wote mmoja mmoja, kwa hivyo katika ripoti yetu Fundo ndiyo yenye wahamiaji wengi kupindukia kwa kila nyumba, na tumependekeza wapatiwe ushauri nasaha. Na niseme ukweli, kwa kuwa uwazi ni nguzo yetu: katika hesabu hizo nimo na mimi. Kila nilipotoka seminani nikashuka Mkoani na begi langu, vijana wangu, kwa ule uaminifu niliowafundisha mwenyewe, waliniandika. Ukiitoa Sikukuu, ukaitoa Fundo, ukanitoa na mimi, ripoti inabaki jalada.

(Kicheko. Sheha Abrahman anajipangusa macho kwa kofia.)

Sasa naomba utulivu, maana tunafika kwenye kile wataalamu wanachokiita kesi stadi. Kila ripoti inayojiheshimu lazima iwe na mtu mmoja wa kweli, mwenye jina lake, awekwe pembeni ndani ya kiboksi, anatabasamu. Mtu wetu wa kweli ni dada yangu, Nadhira binti Ame.

(Makofi. Nadhira anauvuta mtandio usoni.)

Da Nadhira aliondoka hapa mimi bado niko skuli. Alikwenda Maskati kumhudumia bibi wa watu, mtu mzima wa kuogeshwa na kulishwa, na jiko la nyumba nzima likawa juu yake. Viatu vyangu vya skuli vilitoka huko. Chuo nilichosoma kilitoka huko. Hata haya maneno makubwa ninayowamwagia leo, nguzo, viashiria, rodimapu, mkiyafuata nyuma mpaka yalikoanzia mtaikuta mikono ya dada yangu inaosha vyombo vya watu. Hilo sikuliandika kwenye ripoti, halikuwa na sehemu yake.

(Mratibu anageuza ukurasa.)

Basi, ndugu wananchi, mwaka huu, kabla ya Ramadhani, mimi Mratibu nilimtumia da Nadhira ujumbe wa sauti kwenye simu. Ujumbe mzuri, niliurikodi nikaufuta nikaurikodi tena, mpaka ukakaa sawa. Nikamwambia arudi. Nikamwambia kwamba katika utekelezaji wa awamu ya kwanza, Vitongoji inapata kituo cha kuwapokea waliorejea, kina ofisi, kina ukumbi, kina jiko la kisasa la kufundishia, na msimamizi wa jiko hilo ni yeye, awafundishe wanawake wenziwe mapishi yote aliyoyajua huko, ale jasho lake akiwa kwao, karibu na mama. Nilisema na neno "sasteinabiliti." Aliniuliza ndiyo nini, nikamwambia ndiyo hiyo hiyo. Akaaga kazi yake. Yule bibi wa Maskati alilia, nasikia, kama anayefiwa. Da Nadhira akapanda ndege, akapanda boti, nikenda kumpokea Mkoani, vijana wakamwandika.

Na mapokezi yalikuwa mapokezi kweli, mnatujua sisi wenyewe. Mtu akitoka safari nyumba inafukizwa udi, majirani wanajaa kumwona mgeni, kila mmoja na dua yake na jicho moja kwenye begi. Simlaumu mtu, mimi ndiye niliyeondoka na manukato mazuri ya begi hilo. Lakini tunacho Kiashiria cha Kukubalika na Jamii, na ili kukipima tuliangalia watu wangapi walimuuliza da Nadhira suali hili: unarudi lini? Yaani unarudi lini kule. Ndugu zangu, walimuuliza wote. Jirani kamuuliza, mwenye duka kamuuliza, hata ustadhi, alipomaliza kusoma dua ya kumshukuru Mungu kwa kumrejesha salama, alijifuta uso akamuuliza anarudi lini. Mtu karudi kwao, na kila anayempa mkono anamuuliza safari. Na mama naye, kwa mapenzi yake, kamkataza asishike hata mwiko, kwa sababu mgeni hapiki. Tangu alipokuja mpaka leo, mwanamke ambaye kazi yake duniani ni kupika amewekwa barazani, anapikiwa, anatazamwa, anangoja jiko langu.

(Wanawake wanatazama chini. Bi Mwanawema anapapasa mpaka anaupata mkono wa binti yake.)

Kiashiria hicho tulikiandika "kinaridhisha."

Naomba maji. (Analetewa maji. Anakunywa yote.) Jana baada ya Magharibi da Nadhira aliniita barazani kwa mama. Akanieleza kwamba yule bibi wa Maskati amezidiwa, hataki mkono mwengine ila wake, na tiketi imeshaletwa. Boti ni kesho asubuhi, baada ya uzinduzi huu. Akanambia kwa upole, kesho unazindua kituo chako, Hafidh, nikiliona jiko nakaa, nisipoliona nakwenda. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Mama alikuwa kakaa pale pale na tasbihi yake, na sote tulikuwa tunajua, ingawa hapana aliyethubutu kulitamka, kwamba akenda safari hii, kwa umri alionao mama, kurudi atarudi lakini huenda asimkute. Nilitaka kusema neno. Lilikuwa neno dogo tu. Nikafungua kinywa, nikasikia sauti yangu inasema tusubiri uzinduzi, kwani masuala yote yatapatiwa ufafanuzi katika hotuba kuu.

Na hotuba kuu ndiyo hii. Sasa mnajua kwa nini ni ndefu. Nina hofu, ndugu zangu, nina hofu ya kufika mwisho wake. Sekretarieti ilifute hilo kwenye kumbukumbu. Sekretarieti ni mimi. Nimelifuta.

(Mzee Mmanga anasema kama ukurasa wa jengo umefika basi aambiwe, kwa sababu ana ng'ombe wa kunywesha.)

Umefika, Mzee Mmanga. Naomba wote mgeuze nyuso upande wa utepe ule mwekundu, uliofungwa baina ya mnazi na mnazi. Tunapouvuka utepe, upande wa kulia, pale penye kichuguu, ni mapokezi, ambapo mrejea atakaribishwa kwa tabasamu lenye viwango. Hapo kwenye kamba ya kuanikia nguo ni Kitengo cha Ushauri Nasaha na Saikolojia. Pale alipofungwa mbuzi ni ukumbi wa mikutano, unaochukua watu wengi sana, mbuzi akiondolewa. Pale pengine, sipaoni vizuri kwa sababu ya jua, ni maktaba ya kidijitali. Na pale kati, penye muhogo ulionawiri, ambapo nyinyi mnaona majani lakini mtaalamu anaona mbele zaidi, pale ndipo jiko.

(Watu wote wanatazama muhogo. Nadhira anatazama muhogo. Mzee Mmanga anatangaza kwamba shamba lile ni lake, hapana mtu aliyekuja kumuomba, na muhogo haujakomaa, kwa hivyo asionekane mtu kuukanyaga na mkasi wake wa kukatia utepe.)

Mzee Mmanga, katika fremuweki yetu wewe unaitwa jamii mwenyeji, na jamii mwenyeji tumeiwekea kipengele kizima cha kuishirikisha, tulikuwa tunangojea tu siku ya kukushirikisha. Siku yenyewe ndiyo hii. Nimekushirikisha. (Kicheko. Mzee Mmanga hacheki.)

(Nadhira anauliza, kwa sauti ya kawaida, jiko lenyewe liko wapi.)

Jiko, da… Jiko lipo katika hatua ya dhana. Na naomba dhana isidharauliwe. Kila jengo mnaloliona duniani, hata misikiti, hata mahoteli yenye lifti, lilianza ni dhana. Letu limeanza hivyo hivyo, tofauti yake ni kwamba lenyewe limetulia katika hatua hiyo bila ya kuyumba, halijapata ufa, halivuji, halijaibiwa hata bati moja. Da, ningoje kidogo, nakuja. Mie nakuja. Umebaki ukurasa mmoja, na ndio wa matokeo ya tathmini.

Matokeo ya tathmini ni haya. Tuliitafuta hiyo fremuweki ya kumpokea anayerejea, ili tuitathmini. Tukaiulizia Chake, tukaiulizia Wete, tukaiulizia Mkoani, tukafunguliwa makabati, tukapigwa na vumbi, tukapewa chai. Kila tulipokwenda tuliambiwa kwa adabu zote kwamba ipo, ila ipo ofisi ya pili. Tulizunguka zote, na ofisi ya mwisho waliyotuelekeza ilikuwa yangu mwenyewe, Tibirinzi. Nikafika, nikagonga, nikajifungulia. Haikuwapo. Kwa kuwa siwezi kuandika kwamba nimekwenda bure, tulitathmini mahali ambapo ingewekwa. Ni mahali pazuri, pana nafasi, panaingia hewa. Na mapendekezo yetu kwa taifa ni kwamba ifanyike tathmini nyengine, ya kina zaidi, chini ya mratibu mwenye uzoefu, ambaye kwa bahati nzuri tunaye.

(Makofi machache. Mwenye kupiga ni shemeji.)

Sasa simameni, tufunge kwa kaulimbiu. Mimi nikisema "Aliyerudi," nyinyi mseme "Ni wetu." Aliyerudi! (Ni wetu, sauti chache.) Jamani, hata ng'ombe hawajasikia. Aliyerudi! (Ni wetu.) Fremuweki! (Hakuna aliyeambiwa aitikie nini.) Fremuweki, mtasema "Shirikishi." Fremuweki! (Shi… shiki.) Inatosha. Kituo! (Chetu! Mzee Mmanga: Shamba langu!) Ahsanteni. Kaeni.

Nimalizie kwa shukurani, kwani mtu asiyeshukuru watu hakumshukuru Mola wake. Namshukuru Sheha kwa kutupa kibali cha kukusanyika bila ya kuuliza tunakusanyikia nini. Naishukuru kamati nzima ya mradi, ambao ni watu wa kikundi chetu cha semina, walioko Unguja na bara, na ambao tangu semina ile hatujaonana. Maana mradi huu, ndugu zangu, ulizaliwa siku ya mwisho ya mafunzo, mkufunzi alipotwambia kila kikundi kibuni mradi wa mfano, wa kufanyia zoezi. Vikundi vyengine vilibuni kufuga nyuki. Sisi tulibuni huu. Tulisifiwa sana, tukapigwa picha, na kitambulisho hiki ndicho nilichovishwa mlangoni siku ile. Wenzangu walivua vyao wakenda zao. Mimi sikuvua. Nilirudi Pemba nikauendeleza, nikawa nauchukua kila semina ninayoitwa nausoma, nikidhani ipo siku atatokea mtu aniulize mradi uko wapi, na hakutokea. Kwa hivyo nawashukuru watafiti wetu, ambao ni wapwa zangu, na fulana zao ni za semina hiyo. Namshukuru shemeji kwa suti, kwa gari niliyojia, na kwa kile chumba chake cha mbele cha Tibirinzi mnachokijua kama ofisi. Naushukuru utepe ule, nilioununua mwenyewe Chake, ambao kwa leo ndio mali pekee ya mradi. Mgeni Rasmi namshukuru bila ya kumjua, kwa sababu sikumwalika mtu. Na kwa namna ya pekee namshukuru dada yangu Nadhira, ambaye katika takwimu zote nilizosoma mbele yenu ndiye mhamiaji pekee aliyerejea kweli, aliyeliamini jiko ambalo halikuwapo, halipo, na halikupata kuwa popote ila ndani ya simu, kwa sauti yangu mimi.

(Sheha Abrahman anavaa kofia yake. Nadhira anasimama. Hapazi sauti, lakini anasikika mpaka nyuma.)

"Hafidh, si ungenambia njoo, mama anakutaka? Ningekuja. Jiko la nini?"

(Mratibu anashika kipaza sauti kwa mikono miwili.)

"Basi nambie sasa. Nambie kaa, da Nadhira. Mie siendi."

(Mratibu anafungua kinywa. Anatazama karatasi, imekwisha. Anaigeuza nyuma, haina kitu. Bi Mwanawema ameinua uso upande inakotoka sauti ya mwanawe, anangoja. Watu wote wanangoja.)

Naam. Nakushukuru, mdau. Nakushukuru sana kwa mchango wako, ambao… ambao umekuja wakati muafaka. Mchango huu tumeupokea kwa uzito unaostahiki, na utafanyiwa kazi, na utaingizwa katika… Da, utaingizwa katika agenda za kikao kijacho.

(Nadhira anangoja kidogo tena. Kisha anamwinua mama yake kwa mkono, anamtengenezea mtandio, na wanaondoka taratibu kwenda nyumbani, kufunga begi.)

Ahsanteni kwa kunisikiliza.